Ndege ya viti viwili ya kujiundia: ipime kabla ya kulipa

Usiamini uzito ulioandikwa kwenye kipeperushi cha kiwanda. Rangi, betri na vipimo vya dashibodi ya rubani huuongeza. Ipime kwa mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu, ndege ikiwa imesawazishwa na matangi yakiwa matupu. Kikomo cha uzito wa kuruka kikiwa kilo 450 na ndege tupu ni 280, watu wawili wa kilo 80 kila mmoja wanaacha kilo 10. Hizo ni takriban lita 14 za petroli, na injini ya Rotax 912 ikiwa safarini hunywa kama lita 15 kwa saa! Halafu uliza umri wa mabomba ya mpira ya mafuta na maji: yakipita miaka 5, kata gharama ya kuyabadilisha kwenye bei.