Kusafisha na Kupaka Mafuta Fretibodi ya Rozwudi

Wapiga solo wengi wakileta gitaa kwangu huomba jambo moja: "Fundi, lipake mafuta." Mafuta ni kazi ndogo. Kazi yenyewe ni kutoa uchafu, maana mafuta yakipakwa juu ya jasho na vumbi hupati ila tope jeusi.

Hakikisha kwanza kuwa fretibodi, ule ubao wa shingoni unapobonyezea nyuzi, ni ya rozwudi: mbao ya kahawia, vinyweleo vyake vinaonekana kwa macho, haina vanishi. Ni ya jenasi ya Dalbergia, ndugu wa mpingo wetu, na ina mafuta yake ya asili. Fretibodi nyeupe ya mbao ya mepo inayong'aa ina vanishi juu. Hiyo ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, basi.

Hatua ya 1. Legeza nyuzi zote polepole, kisha zitoe. Briji (pale nyuzi zinaposhikwa mwilini mwa gitaa) inayoelea juu ya springi izuie kwa kibao kwanza. Funika pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, kwa masking tepu, usiruke hapa: zina sumaku, na vumbi la chuma la Hatua ya 3 likishanasa humo kulitoa ni taabu.

Hatua ya 2. Uchafu mzito hujificha ubavuni mwa freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza fretibodi. Ukwangue kwa kadi ya benki iliyoisha muda, kisu weka mbali. Sugua kwa mswaki mkavu laini, halafu pitisha kitambaa chenye nafta kidogo, ile ya kujazia viberiti vya petroli. Fanyia kazi hii penye hewa, mbali na jiko na sigara. Maji ya sabuni huvimbisha mbao. Ndimu nayo iache jikoni, ni asidi; zile chupa za "mafuta ya limau" za madukani kwa kawaida ni mafuta ya madini yaliyotiwa harufu.

Hatua ya 3. Chukua pamba ya chuma namba 0000, si ile ya kusugulia sufuria. Pitisha kwa mkono mwepesi kufuata mkondo wa mbao, kutoka nati (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi upande wa kichwa) kuelekea pikapu. Freti nazo zitang'aa. Kusanya vumbi kwa sumaku, ndipo ubandue tepu.

Hatua ya 4. Famasi wanauza likwidi parafini, dawa ya kulainisha choo. Ni mafuta ya madini safi na bei yake ni ndogo. Usiyachanganye na mafuta ya taa! Tia matone machache kwenye kitambaa, paka, subiri dakika tano, futa mpaka kitambaa kikavu kisitoke na mafuta. Alizeti na nazi huchacha. Mafuta ya kitani hukauka yakawa utando, na matambara yake yaliyorundikwa yanaweza kushika moto yenyewe.

Mara moja kwa mwaka inatosha Dar au Mombasa. Dodoma, kiangazi kikiwa kikali, labda mbili. Ncha za freti zikianza kukuchoma kiganjani, mbao imesinyaa kwa ukavu, na hilo mafuta hayaliponyi. Weka gitaa kwenye kasha, unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 45 na 55, kisha ulipatie muda.

Rudisha nyuzi, tuni, liache nusu saa, kisha tuni tena kabla ya kwenda jukwaani.