Toti Moja kwa Siku: Wiski 24 za Uskoti Kuelekea Krismasi

Kalenda ya Majilio ya wiski ni sanduku lenye vidirisha 24, na nyuma ya kila kidirisha kuna kichupa cha mililita 30. Unaanza tarehe 1 Desemba, unamaliza mkesha wa Krismasi. Ni njia nzuri ya kuizunguka Uskoti bila kununua chupa kubwa 24, lakini ina kasoro moja: pua haiikumbuki vizuri ya jana. Ikifika tarehe 20, kilichobaki kichwani ni ile iliyonuka moshi sana na ile iliyochoma koo. Harufu hujulikana ikiwekwa kando ya harufu nyingine. Kwa hiyo, katika mililita 30 za leo onja 20, na 10 ziache zikutane na wiski ya kesho. Kila jioni, isipokuwa ya kwanza, utakuwa na glasi mbili mezani, na jumla itabaki mililita 30 zile zile.

Kupata wiski zenyewe

Kalenda iliyofungwa tayari kiwandani inafaa, ila soma orodha yake kabla ya kuanza. Mara nyingi vichupa vimepangwa bila kujali mfuatano, na ukikutana na moshi mzito tarehe 2, wiski laini za siku zinazofuata zitakuonekea maji matupu. Vitoe vyote, uvipange upya.

Ukitaka kuchagua mwenyewe, shirikianeni. Chupa ya kawaida ina mililita 700. Watu 24 wakileta chupa moja moja, kila mmoja anapata mililita 29 za kila wiski. Msijaribu 30, kwa sababu 23 mara 30 ni 690, na wa mwisho ataambulia 10. Mgawanyo ulio bora zaidi ni watu 6, kila mmoja na chupa 4. Kila chupa inatoa mililita 180, na mwenye chupa anabaki na 520 zake. Hapo hata mkono ukitetemeka wakati wa kupima, hakuna anayepunjwa.

Vichupa viwe vya kioo, vya mililita 30, na kifuniko cha kusokota chenye koni ya plastiki ndani inayobana mdomo wa kichupa. Koni hiyo ndiyo inayozuia uvujaji. Kifuniko cha bati kitupu hupitisha hewa, na kile chenye kitone cha mpira hakifai kabisa, maana alkoholi huula mpira na wiski hunuka mpira. Tafuta pia vichupa vitatu vya mililita 10 kwa ajili ya akiba ya kila siku. Kumi za leo zikibaki katika kichupa cha 30, theluthi mbili ya chombo ni hewa, na manukato mepesi ya matunda ndiyo yanayotangulia kutoroka.

Osha kila kitu kwa maji ya moto bila sabuni yenye manukato, kisha vikauke kabisa, kwa kuwa tone la maji lililobaki ndani linapunguza nguvu ya wiski. Tumia faneli ndogo ya chuma au kioo. Pima kwa mizani ya jikoni kama huna kipimo cha mililita: mililita 30 za wiski ya asilimia 40 hadi 46 zina uzito wa gramu 28 hivi. Anza kujaza zile laini, za moshi ziwe za mwisho, kwani moshi hung'ang'ania faneli hata baada ya kusuuzwa. Kwenye lebo andika jina, umri, asilimia ya alkoholi na tarehe ya kujaza. Ukitaka kuonja bila kujua unaonja nini, mpe mwingine orodha na ubakize namba tu, lakini asilimia usiifiche: bila hiyo hutajua uongeze maji kiasi gani. Vichupa visimame wima, gizani, mbali na jiko.

Mpangilio wa siku

Kosa la kawaida ni kupanga kwa umri. Namba kwenye chupa ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo, na haisemi chochote kuhusu uzito wa ladha. Panga kwa maswali: kila siku mbili au tatu zijibu swali moja.

Swali la kwanza ni wiski imeundwa na nini. Tarehe 1 weka wiski ya nafaka kutoka kiwanda kimoja, kama Cameronbridge au Girvan. Hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kupozwa uwe pombe kali, katika mtambo mrefu unaofanya kazi mfululizo, nayo ni nyepesi na tamu. Tarehe 2 iwe Glenlivet ya miaka 12, iliyotokana na kimea cha shayiri peke yake na kukenekwa katika vyungu vya shaba. Tarehe 3 onja Johnnie Walker Black Label, ambayo ni mchanganyiko wa aina hizo mbili. Wiski hii ya tatu ijazie kichupa kimoja cha ziada cha mililita 10, ukifiche hadi tarehe 24.

Tarehe 4 ni Auchentoshan ya miaka 12, inayokenekwa mara tatu badala ya mbili, na wepesi wake unasikika mapema. Kisha lije swali la pipa. Glenmorangie Original tarehe 5 imekaa katika mapipa yaliyokuwa na bourboni, wiski ya Marekani, ikaja na vanila na machungwa. Glenmorangie Lasanta tarehe 6 ilianzia huko huko, kisha ikamalizia katika mapipa ya divai ya sheri. Kiwanda ni kile kile, kwa hiyo sehemu kubwa ya tofauti unayoisikia ni ya pipa. Glenfarclas ya miaka 15, tarehe 7, inakupa sheri kamili: zabibu kavu, karanga, ganda la chungwa lililokaushwa. Tarehe 8 Aberlour A'bunadh, ambayo haijapunguzwa kwa maji kiwandani na huwa karibu asilimia 60, inakufundisha kutumia maji. Zinazofuata ni Clynelish 14, ambayo watu huitambua kwa ulaini kama wa nta ya mshumaa, na Deanston 12. Siku hizo mbili ni za kupumzika.

Tarehe 11, 12 na 13 ndizo ningezilinda kuliko zote. Hazelburn 10, Springbank 10 na Longrow zinatoka kiwanda kimoja mjini Campbeltown, zote ni asilimia 46. Hazelburn haina moshi na hukenekwa mara tatu. Springbank ina moshi kidogo, na hukenekwa kwa kile wanachokiita mara mbili na nusu, kwa sababu sehemu ya pombe hupita mtamboni mara mbili na sehemu nyingine mara tatu. Longrow ina moshi mzito na hukenekwa mara mbili. Hakuna somo la mtambo na moshi lililo wazi kuliko hilo. Jirani yao Kilkerran 12 ifuate tarehe 14, halafu kisiwa cha Mull kwa siku mbili: Tobermory 12 isiyo na moshi, na Ledaig 10 yenye moshi. Kiwanda kimoja, asilimia 46.3 zote mbili, tofauti kubwa ni kimea kilichokaushwa kwa piti, yaani udongo wa mimea iliyooza vinamasini, unaokatwa vipande, kukaushwa na kuchomwa.

Tarehe 17 na 18 ni Highland Park 12 ya Orkney na Talisker 10 ya Skye. Kuanzia 19 unaingia kisiwa cha Islay. Tangulia na Bunnahabhain 12 na Bruichladdich Classic Laddie, ambazo hazina moshi wa kutajika, ili uachane na imani kwamba kila wiski ya Islay hunuka moto. Kisha Caol Ila 12, Laphroaig 10, Ardbeg 10, na Lagavulin 16 mkesha wa Krismasi. Caol Ila na Lagavulin hupata kimea cha moshi kutoka Port Ellen, lakini moja ni nyepesi, safi, na nyingine ni nzito kama lami tamu. Umbo la mitambo, namna ya kuiendesha, na wakati wa kuanza na kuacha kuchukua kiini cha pombe, yaani sehemu ya katikati inayohifadhiwa, huleta tofauti hiyo. Ukiweza, weka akiba ya Caol Ila mililita 10 za kulinganisha siku hiyo pia.

Jioni yenyewe

Onja kabla ya chakula, si baada yake. Mnanaa wa dawa ya meno, kahawa na pilipili huzima ulimi kwa muda mrefu, basi jipe saa nzima. Manukato ya mwilini na sabuni ya mikono huharibu zaidi ya watu wanavyodhani, kwa sababu mkono ndio ulioshika glasi.

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo mwembamba. Ile ya Glencairn, iliyoingia sokoni 2001, imeundwa kwa kazi hii, lakini glasi ndogo ya divai inatosha. Inuse ikiwa tupu. Glasi iliyokaa kabatini mdomo chini hunuka mbao. Mimina mililita 20 za leo, na katika nyingine 10 za jana. Zifunike kwa visahani kwa dakika 10. Usiweke barafu, maana baridi hufunga harufu na kutia ganzi ulimi.

Leta glasi kidevuni kwanza, kisha ipandishe taratibu, mdomo ukiwa wazi kidogo. Mdomo ukifungwa, mvuke wote wa alkoholi hupanda puani na kuchoma. Nusa mara tatu fupi, pumzika, nusa mgongo wa mkono wako ili pua irudi sawa. Katika glasi mbili anza na ile isiyo na moshi au yenye nguvu ndogo, hata kama ndiyo ya jana. Funda la kwanza ni la kulowesha mdomo tu. Usilihukumu, kwani ulimi bado unashtuka. La pili liwe dogo, ulishike sekunde 10, umeze, ufunge mdomo, utoe pumzi kwa pua. Hapo ndipo ladha inayobaki hujitokeza.

Rangi usiipe uzito. Kanuni za wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinataka miaka isiyopungua 3 katika pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, na nguvu isiyopungua asilimia 40. Lakini zinaruhusu rangi ya karameli, hivyo weusi si ushahidi wa uzee.

Daftarini maneno manne yanatosha: moja la pua, moja la mdomo, moja la mwisho, na moja la tofauti na jana. Hilo la nne ndilo lenye thamani. Andika kabla ya kusoma maelezo ya mtengenezaji. Ukishasoma "pea na asali", hutaacha kuisikia pea.

Maji

Ushauri wa "matone matatu" hausaidii sana katika kupunguza nguvu. Matone 20 ya kitonesho hufanya mililita 1 hivi, kwa hiyo matone matatu katika mililita 20 za asilimia 46 yanashusha nguvu kwa theluthi moja tu ya asilimia. Pima kwa sirinji mpya isiyo na sindano. Mililita 3 katika 20 za asilimia 46 zinakufikisha 40. Kwa wiski ya asilimia 60, weka mililita 7 ili ishuke hadi 44 hivi. Onja nusu kwanza bila maji, kisha piga hesabu kwa kilichobaki: ni mililita 10 za wiski, basi weka nusu ya kiasi cha maji kilichotajwa. Maji yawe ya joto la chumbani na yasinuke klorini.

Wiski ikiwa na ukungu baada ya maji, haijaharibika. Esta za asidi za mafuta, yaani viambato vya mafuta vilivyomo ndani ya wiski, huyeyuka katika alkoholi lakini si katika maji, na viwanda vingi huzichuja kwa baridi ili kuepuka mwonekano huo. Ile isiyochujwa mara nyingi huuzwa kwa asilimia 46 au zaidi, kiwango ambacho hukaa angavu.

Kiasi

Mililita 30 za asilimia 46 zina mililita 13.8 za alkoholi tupu, yaani karibu yuniti 1.4 kwa hesabu ya Uingereza, ambako yuniti moja ni mililita 10. Siku saba ni yuniti 9.7, chini ya 14 zinazoshauriwa kuwa ukomo wa wiki. Hata hivyo, kunywa kila siku kwa siku 24 si sharti. Siku mbili tatu za wiki nusa, onja na uteme. Wachanganyaji wa viwandani hufanya kazi kwa pua zaidi ya ulimi, tena wakiwa wamepunguza wiski hadi asilimia 20 hivi. Ukikosa siku, kichupa kitangoja, usilipe deni kwa kunywa mbili. Usiendeshe gari baada ya kuonja: Uskoti yenyewe ilishusha kikomo cha madereva hadi miligramu 50 katika mililita 100 za damu mwaka 2014. Mjamzito, na anayetumia dawa zisizopatana na pombe, asionje kabisa.

Tarehe 24, kabla ya kugusa Lagavulin, toa kile kichupa cha Black Label ulichoficha. Nusa bila haraka na utafute moshi, kisha fungua ukurasa wa tarehe 3 uone kama uliuandika.