Unaitafuta Tom and Jerry ya utotoni? Mtazame Tom nyusi

Kila mara anakuja mtu dukani na lalamiko lile lile: "Kaka, nimewawekea wanangu Tom and Jerry, wala haichekeshi. Ile ya kwetu ilikuwa vingine kabisa." Wananifuata mimi kwa sababu wanakumbuka nilivyokuwa nakaa kaunta kwenye maktaba ya video huku Ngamiani, Tanga, enzi za deki na mikanda ya VHS. Siku hizi nauza kava na chaja za simu, lakini swali la katuni halijanikimbia. Na jibu ni kwamba wewe hujazeeka, wala watoto wako hawana kasoro. Umefungua Tom and Jerry ya mtu mwingine.

Jina ni moja, mikono iliyochora ni mingi. William Hanna na Joseph Barbera waliianza mwaka 1940 katika studio ya MGM, Marekani, na hadi 1958 zilikuwa zimetoka filamu fupi 114, nyingi za dakika kama saba hivi. Studio ya katuni ikafungwa. Kati ya 1961 na 1962 zikatengenezwa nyingine 13 chini ya Gene Deitch, na hizo zilichorwa Prague, huko Chekoslovakia ya wakati ule. Kisha Chuck Jones akachukua usukani, akatoa 34 kuanzia 1963 hadi 1967. Baada ya hapo ndipo vikaja vipindi vya televisheni, kimoja baada ya kingine mpaka leo. Ukiandika jina tu kwenye simu, unaletewa vyote kwa mkupuo, na mara nyingi vipya ndivyo vinatangulia.

Kwa hiyo usianze na kutafuta. Anza na kukumbuka tukio moja, na ulikumbuke kwa vitu, si kwa "ilikuwa inachekesha sana". Tom alishika nini? Walikuwa wapi? Nani mwingine alikuwepo? Wateja wangu wa zamani hawakujua jina hata la mkanda mmoja, lakini walisema "ile ya piano" na mimi nikajua. Ile ya piano ni The Cat Concerto ya 1947: Tom kavaa suti ya jioni, anapiga Hungarian Rhapsody namba 2 ya Liszt, na Jerry kalala ndani ya piano, anaamshwa na nyundo za nyuzi. Ya vifaranga vya bata, anza na Little Quacker ya 1950. Kapanya kale kadogo kenye nepi na njaa isiyoisha kanaingia mara ya kwanza kwenye The Milky Waif ya 1946. Wenye kofia za manyoya na panga nyembamba ni The Two Mouseketeers ya 1952. Ya huzuni, wote wawili wamekaa relini wakingoja treni kwa sababu ya mapenzi, ni Blue Cat Blues ya 1956. Hiyo usiiweke mbele ya watoto wadogo, nakwambia mapema.

Kama tukio halitoshi, mtazame Tom usoni. Tom wa Hanna na Barbera wa miaka ya arobaini ana manyoya, ana unene, na nyusi zake zinafuata hasira yake. Kuanzia katikati ya miaka ya hamsini mistari inakuwa minene na kuta za nyuma zinabaki rangi tupu, lakini bado ni yeye. Tom wa Chuck Jones ana nyusi nene nyeusi zilizokaa juu ya macho muda wote, na uso wake unajua kuwa unatazamwa. Yeye unamjua hata kabla filamu haijaanza: simba wa nembo ya MGM ananguruma, halafu nafasi yake inashikwa na Tom anayelia nyau. Tom wa Prague anatetemeka, na kila kitu kinachoanguka kinatoa mwangwi utadhani nyumba nzima imo ndani ya tangi la maji. Kama unakumbuka bwana mmoja mnene, mwenye kipara, anayewiva kwa hasira na kumpiga paka mpaka wewe mtoto ukaona sasa imezidi, basi wewe uliangalia za Prague.

Jerry akiwa na tai nyekundu ya kipepeo na akawa rafiki wa Tom, hiyo ni ya 1975. Tom akiwa mdogo mwenye kofia nyekundu, ni ya miaka ya tisini mwanzoni. Wakianza kuongea filamu nzima, hiyo ni ile ndefu ya 1992, na mimi huwa naizima.

Hatua inayofuata watu wengi hawaijali, nayo ndiyo nusu ya kazi: sauti. Sisi tulikuwa na bahati kwamba katuni hii haikumhitaji mtu wa kuitafsiri. Muvi za Kihindi na za kivita zilingoja zitiwe Kiswahili. Tom na Jerry walieleweka na bibi, na mtoto wa miaka mitatu, na mgeni kutoka Pangani aliyeingia katikati. Aliyekuwa anasimulia ni Scott Bradley, mtunzi wa muziki wake. Paka akinyata, filimbi inanyata naye. Akigonga ukuta, tarumbeta zinagonga. Ule ukelele wa Tom akibanwa mkia ni wa William Hanna mwenyewe. Sasa, vipande vingi vinavyozunguka kwenye simu vimetolewa muziki huo na kubandikwa wimbo mwingine, au picha imegeuzwa kushoto kulia ili kukwepa hakimiliki. Ukiona maandishi yamegeuka kinyume, achana nacho, bando lako linaungua bure. Tafuta iliyo kamili, yenye majina mwanzoni, iwe na dakika zake zote, na kama una spika hata ndogo ichomeke. Muziki ule kwenye spika ya simu unabaki na filimbi peke yake.

Kuna jambo moja la kujiandaa nalo. Yule mama ambaye tulikuwa tunaona miguu yake tu, soksi zimeshuka, aproni, fagio mkononi. Sisi huku tulimwona mama mwenye nyumba, tena mkali kama mama zetu, na hatukufikiri zaidi. Kumbe alichorwa kwa dhihaka ya wanawake weusi waliokuwa watumishi wa majumbani Marekani. Sauti yake ilikuwa ya Lillian Randolph, na baada ya 1952 haonekani tena. Katika matoleo ya televisheni ya baadaye sauti yake ilibadilishwa, na mengine yakamchora upya awe mama mweupe mwembamba. Kwa hiyo ukikuta miguu si ile uliyoikumbuka, kumbukumbu yako ni salama. Yapo pia yale mabomu yanayolipuka na uso wa Tom kugeuka mweusi wenye midomo mikubwa. Kuna matoleo yaliyoyakata, na Warner Bros. wameweka tangazo mbele ya baadhi ya diski zao. Mimi binti yangu akiwa pembeni nasimamisha, namwambia walikuwa wanamcheka nani, tunaendelea. Inachukua nusu dakika.

Sasa itazame kama mtu mzima, na kwa hilo nakupa moja tu: Heavenly Puss, 1949. Piano inaporomoka ngazini, inambana Tom, anakufa. Anapanda juu mpaka kwenye kituo cha treni ya peponi, ambako karani paka anaita abiria na kila mmoja anajulikana alivyokufa. Kabla ya Tom kuna gunia. Limelowa, linachuruzika maji, linajivuta sakafuni. Linafunguka wanatoka vitoto vitatu vya paka, wanakimbilia treni wakifurahi. Karani anatikisa kichwa. Utotoni tulicheka jinsi gunia linavyotembea. Ukiwa na miaka arobaini unaelewa ni nani alifunga lile gunia na akalitupa wapi, na unajiuliza hao wachoraji walikuwa wanazungumza na nani hasa pale. Baada ya hapo Tom anapewa saa moja arudi kumwomba Jerry saini ya msamaha, na sitakumalizia.

Ukiwa na watoto, filamu tatu kwa jioni moja zinatosha. Anza na ya fujo tupu, kwa mfano The Yankee Doodle Mouse ya 1943, iliyoleta Oscar ya kwanza kati ya saba. Fuatisha ya muziki: Solid Serenade ya 1946, ile Tom anaimba chini ya dirisha na kumfunga mbwa kamba. Malizia na ya piano. Usiwaeleze kinachochekesha, wala usicheke kabla yao, wataanza kukutazama wewe badala ya skrini. Na kabla hujaondoka kwenda kuangalia chai jikoni, zima ile sehemu ya video kujicheza yenyewe, maana piano ikiisha tu itakuletea yule wa tai nyekundu.