Kukokotoa Ubanaji wa Mwale wa Protoni kwa Jedwali la Excel

Mwongozo huu ninautumia na wanafunzi wa kidato cha sita hapa Kigoma, na hata simu yenye Excel inatosha. Katika LHC, mashine ya kuongeza kasi ya chembe iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, protoni huzunguka njia ya kilomita 27 (anayekwenda Ujiji na kurudi mjini atakuwa bado hajaimaliza) zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde, na mwale usiobanwa ungegonga ukuta wa bomba mapema mno. Sumaku ya ncha nne huubana mwale kimlalo, lakini papo hapo huutanua kiwima. Kwa hiyo sumaku hizo hupangwa kwa kupishana, ya kubana ikifuatwa na ya kutanua.

Hatua ya 1. Katika F1 andika umbali kati ya sumaku, mita 50. Katika F2 umbali wa fokasi (umbali ambao sumaku hukusanya mwale uwe nukta moja), mita 40.

Hatua ya 2. Andika 1 katika A2 (sumaku inayobana), 1 katika B2 (protoni iko milimita 1 kutoka katikati) na 0 katika C2 (mwelekeo wake). Katika D2, yaani mwelekeo baada ya sumaku, andika =C2-A2*B2/$F$2. Alama za dola zisiachwe, la sivyo fomula itahama ukiinakili.

Hatua ya 3. A3 iwe =-A2, B3 iwe =B2+$F$1*D2, C3 iwe =D2. Nakili D2 kwenye D3, kisha buruta A3 hadi D3 kushuka mpaka mstari wa 40. Kuanzia B3, safu ya B itatoa -0.25, -1.8125, -1.109, na haitavuka milimita 2.5 kokote.

Hatua ya 4. Badilisha F2 iwe 20, yaani sumaku kali maradufu. Wengi hutarajia mwale ubanwe zaidi. Badala yake B inatoa -1.5, -7.75, 5.375, kisha 31.9, na protoni imekwisha kugonga bomba, ambalo upana wake ni kama sentimita 5 tu. Umbali wa fokasi lazima uzidi nusu ya umbali kati ya sumaku.

Hatua ya 5. Kwa ubanaji wa mwisho, kabla ya mgongano, andika =SQRT(1+(23/0.55)^2). Mita 23 ni umbali hadi sumaku ya karibu, na 0.55 ni beta ya usanifu (kipimo cha ubanaji penye mgongano; kikiwa kidogo, mwale umebanwa zaidi), pia kwa mita. Jibu ni takribani 42: mwale wenye mikromita 17 hivi penye mgongano ni mpana mara 42 unapoingia kwenye sumaku hiyo, na ndani yake hutanuka zaidi. Ndiyo maana sumaku hizo zenye tundu la milimita 70, karibu na ATLAS na CMS (vifaa vinavyorekodi migongano), zimetengenezewa mbadala wa metali za niobi na bati wenye tundu la milimita 150.