Fuata Risasi: Namna ya Kupanga Mikanda Ndani ya Modeli ya Kifaru

Kwanza amua mambo mawili: kifaru chako ni cha jeshi gani, na kilikuwa kinafanya nini wakati huo unaoutaka. Usiguse gundi kabla ya hapo. Naunda modeli za kipimo cha 1:35 mezani kwangu Nakuru kwa miaka mingi sasa, na ndani ya modeli za wenzangu nakutana na kosa lile lile: mkanda wa risasi umetundikwa kama shanga za harusini, hautoki popote wala hauendi popote. Ndani ya kifaru cha Vita vya Pili vya Dunia kila risasi ilikuwa na safari yake. Ilitoka kwenye sanduku au mfuko, ikapita kwenye mkono wa mtu, ikaingia kwenye bunduki, na ganda lake likaanguka mahali panapojulikana. Ukiifuata safari hiyo, kila kitu kitakaa mahali pake.

Nitaanza na Sherman, kifaru cha Wamarekani, kwa kuwa ndiyo wengi tunayoanzia. Ilikuwa na bombomu (bunduki za rashasha) mbili aina ya Browning M1919A4, moja sambamba na mzinga, nyingine mbele upande wa kulia, kwenye nafasi ya dereva msaidizi. Juu ya mnara, yaani sehemu ya juu inayozunguka na mzinga, ilikaa kubwa zaidi, M2. Hiyo inayoambatana na mzinga imekaa kushoto kwa mzinga, na mpakiaji pia anakaa kushoto. Kazi ya kuilisha ni yake. Mpiga mzinga yuko upande wa pili. Yeye anafyatua kwa kukanyaga swichi sakafuni.

Mkanda unaingia kwenye Browning kutokea kushoto. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu Sherman yangu ya kwanza niliukosea. Babu yangu alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, akaenda Bama (Myanmar ya leo) mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakateremka Bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko. Kifaru hakupanda; alikuwa kwenye bombomu ya Vickers, ile yenye kupozwa kwa maji. Nilipokuwa kijana alinikalisha barazani, akachukua mshipi wa suruali yake, akaulaza juu ya viganja viwili vilivyo wazi, akausogeza polepole kutoka kulia kuelekea bunduki isiyoonekana. “Mjukuu wangu, ulaze sawa hivi. Ukiupa pembe, bunduki inakataa.” Picha hiyo ilinikaa kichwani, nami nikaijenga ndani ya Sherman. Sikujua bado kwamba Vickers inalishwa kutoka kulia na Browning kutoka kushoto. Ilibidi niufungue mnara upya, na wiki mbili za kazi zikaenda.

Lakini sehemu ya pili ya somo la babu inazifaa bunduki zote mbili. Vickers na Browning zilitumia mkanda wa kitambaa cha pamba wenye risasi 250. Kitambaa kikilowa kinavimba na kushika risasi kwa nguvu, na bunduki inakosa nguvu ya kuuvuta. Mkanda ukiinuka kwa pembe, risasi inafika mlangoni ikiwa imepinda na bunduki inakwama. Ndiyo maana sanduku linawekwa karibu na bunduki, na mpakiaji anautegemeza mkanda kwa mkono usining'inie kwa uzito wake.

Sasa uunde. Risasi ya Browning ina urefu wa milimita 85 hivi. Kwa 1:35 hiyo ni milimita 2.4, na unene kwenye kitako ni theluthi moja ya milimita. Mimi natumia nyuzi za shaba zilizo ndani ya waya laini wa umeme. Zinyooshe kwa kuzibingirisha kati ya vipande viwili vya kioo, kisha kata kwa wembe mpya. Mkanda wenyewe ni karatasi nyembamba iliyopakwa rangi ya pamba mbichi au khaki, upana wake usifikie urefu wa risasi, ili kitako kitokeze upande mmoja na ncha upande wa pili. Panga risasi juu ya gundi nyeupe iliyotandazwa kidogo sana, ukitumia kibano. Usijaribu kuunda zote 250. Tengeneza zile zinazoonekana kati ya mdomo wa sanduku na bunduki, kumi na tano au ishirini. Zilizobaki zimo ndani ya sanduku na hakuna atakayeziona.

Rangi ya ncha inasema mengi. Risasi ya Kimarekani ya kutoboa chuma ilikuwa na ncha nyeusi, ile ya kuacha mstari wa mwanga ilikuwa na ncha nyekundu. Mpangilio wa kawaida ulikuwa nne za kutoboa chuma kwa moja ya mwanga. Kwa dereva msaidizi hiyo moja ilikuwa muhimu kuliko zote, maana alichungulia kwa periskopu tu, bunduki yake haikuwa na kilengeo; alielekeza risasi kwa kutazama mwanga unaangukia wapi. Kwa hiyo kila baada ya nne, gusa ya tano kwa tone la rangi nyekundu kutoka kwenye ncha ya sindano.

Mwanzoni mwa mkanda pana kipande cha shaba nyeupe au ya njano, chembamba kama ulimi. Mpakiaji alikipitisha upande wa kushoto, akakivuta kikatokea kulia, kisha akavuta mpini wa komeo nyuma mara mbili. Mara ya kwanza risasi inashikwa, mara ya pili inaingia chemba. Ukitaka kuonyesha kifaru kinachojiandaa, acha ulimi huo uonekane upande wa kulia. Ukitaka kuonyesha kilichopumzika baada ya mapigano, fungua mfuniko wa bunduki na utoe mkanda. Browning hii huacha risasi ndani ya chemba kila unapoachia kufyatua, na mtutu ukiwa na moto mkali risasi hiyo inaweza kulipuka yenyewe. Mfuniko ulioinuliwa ni ishara ya watu wanaoijua kazi yao.

Maganda yanaanguka chini ya bunduki, hayaruki pembeni. Weka mfuko wa turubai chini yake, na machache sakafuni.

Ukiunda Panzer IV, kifaru cha Wajerumani, sahau kitambaa. Bombomu yake, MG 34, ilitumia mkanda wa chuma wa vipande vya risasi 50, vilivyounganishwa kwa risasi yenyewe: ikishafyatuliwa, kipande kinaachana na mwenzake. Vipande vitatu, yaani risasi 150, vililazwa ndani ya mfuko mmoja, na mifuko 21 ilifanya jumla ya risasi 3,150. Mkanda mtupu hautupwi, unajazwa tena. Kwa hiyo vipande vitupu viwepo. Watu huniuliza kwa nini Wajerumani hawakuweka MG 42 iliyo mpya zaidi. Mtutu wa MG 42 hutolewa kwa pembeni, wa MG 34 hutolewa kwa nyuma, na ndani ya mnara nafasi iliyopo ni ya nyuma.

Na ukiunda T-34, kifaru cha Wasovieti, mkanda usiwepo kabisa. Bunduki yake, DT, ilikula kutoka kwenye sahani ya duara yenye risasi 63. T-34-85, toleo lake la baadaye, ilibeba 1,890, yaani sahani 30, zikiwa zimepangwa kwenye rafu ukutani kama sahani za kabatini. Hapa kazi yako ni rahisi: kata miduara, ipange, na uache tundu mbili tatu tupu kwenye rafu karibu na mpakiaji, kwa sababu huko ndiko mkono wake ulifika kwanza.

Rudi kwenye Sherman kabla ya kufunga mnara. Washa tochi ndogo, chungulia kupitia mlango wa juu, na ufuate mkanda kwa jicho: sanduku, mkunjo, mdomo wa bunduki, kushoto, sawasawa. Kisha tundika karibu na mpakiaji glavu moja nene ya asbesto, rangi ya majivu. Mtutu ukiwaka moto, hiyo ndiyo aliyoushikia.