Somo: Kufunga mikanda ya mapambo kwenye ukuta wa ngazi

Somo hili ni la wenye nyumba za ghorofa ambao ukuta wa ngazi umebaki mtupu na wanatamani kuupamba kwa fremu za mikanda ya mbao. Kazi huharibikia kwenye kona. Fundi aliyezoea fremu za milango hukata kila kona nyuzi 45, ilhali fremu ya ngazi si mstatili, bali ni msambamba, na kwa hiyo mikato hiyo haikutani. Kwenye ngazi yangu ya kwanza, hapa Moshi, nilipoteza mikanda sita kabla sijalielewa jambo hili.

Hatua ya 1. Chagua mbao ya paini iliyokauka vizuri, yenye upana wa sentimita 4 hivi, uiweke ndani ya nyumba kwa wiki mbili kabla ya kuikata. Wakati wa masika mbao hunyonya unyevu, na ikija kukauka ukutani husinyaa na kuachia kona.

Hatua ya 2. Kutoka kwenye ncha ya kipandio cha chini kabisa, pima sentimita 90 kwenda juu wima, ufanye vivyo hivyo kwenye kipandio cha juu kabisa, kisha ukaze uzi wenye unga wa chokaa kati ya alama hizo mbili na kuupiga. Usifuate kipandio kimoja kimoja, kwa kuwa vipandio vya nyumba zetu ni nadra kulingana, na mkanda ungeyumba pamoja navyo. Mstari wa chini upige kwa namna hiyo hiyo, sentimita 20 juu ya ncha za vipandio.

Hatua ya 3. Gawa ukuta kwa kupima kwa mlalo wa sakafu, si kwa mteremko. Ukuta wa sentimita 360 wenye fremu 4 una nafasi 5. Nafasi zikiwa za sentimita 10, zinabaki 310, na kila fremu inapata 77.5. Mistari ya kusimama ichore kwa timazi, iwe wima kabisa.

Hatua ya 4. Sasa kona. Ngazi yenye kipandio cha kimo cha sentimita 17 na kina cha 28 ina mteremko wa nyuzi 31 hivi, kwa hiyo fremu yake ina kona mbili kali za nyuzi 59 na mbili butu za 121. Kona kali ni ya chini upande wa kuanzia kupanda, na ya juu upande wa kumalizia. Usihangaike na hesabu: weka kadibodi ukutani, uchore juu yake mikanda miwili kwa upana wake halisi jinsi inavyokutana, kisha uunganishe kona ya ndani na kona ya nje kwa mstari mmoja. Mstari huo ndio mkato, na hautakudanganya hata kama ngazi yako ina mteremko mwingine. Mashine nyingi za kukata pembe hazifiki kwenye mkato wa kona kali, kwa hiyo ukate kwa msumeno wa mkono wenye meno madogo, kisha usawazishe kwa msasa uliobandikwa kwenye kibao.

Hatua ya 5. Paka praima pande zote za mkanda kabla ya kuufunga. Msumari hupinda kwenye plasta ya saruji, kwa hiyo toboa kwa drili, weka plagi za plastiki, ufunge kwa skrubu kila baada ya sentimita 40, na kona uzipake gundi ya mbao. Usitoboe juu wala chini ya swichi, kwa kuwa nyaya hupita humo. Mwisho ziba kwa puti, piga msasa, upake rangi.

Maswali ya wanachama

Swali (Njiro, Arusha): Shikamoo fundi. Je, naweza kutumia mikanda ya povu badala ya mbao?

Jibu: Marahaba. Unaweza, na ni rahisi kukata, ila kwenye ngazi watu hupitisha magodoro na masanduku, na povu hubonyea. Ukiitumia, nunua gundi iliyotengenezwa kwa ajili ya povu, kwani gundi zenye kiyeyusho kikali huliyeyusha.

Swali (Pasua, Moshi): Mkanda wa mteremko ukifika juu, ambapo ukuta unakuwa wa kawaida, unauungaje na ule wa kulala?

Jibu: Gawa mteremko kwa mbili. Kwa ngazi ya nyuzi 31, kila mkanda unakatwa nyuzi 15 na nusu kutoka kwenye mkato wa mraba, yaani ule wa nyuzi 90. Ukikata mmoja tu kwa nyuzi 31, nyuso zake zitapishana upana, na nakshi hazitafuatana.

Swali (Kiboriloni, Moshi): Fundi wangu amemaliza kupiga plasta wiki iliyopita. Naweza kuanza?

Jibu: Subiri kaka, angalau wiki nne, na wakati wa mvua zaidi ya hapo. Unyevu wa plasta utaingia kwenye mbao kwa nyuma, na praima pekee haitauzuia.