Namna ya kutambua na kutaja spishi za kuvu wa mnyauko fuzari

Anayepasua mgomba wa kisukari ulionyauka na kukuta nyuzi za ndani zimegeuka kahawia huharakisha kutaja Fusarium oxysporum, kuvu anayesababisha ugonjwa wa mnyauko fuzari. Jina hilo, lililotolewa na mtaalamu wa mimea Schlechtendal mwaka 1824, siku hizi hufunika kundi zima la spishi zinazofanana kwa macho, hivyo kulitaja ni mwanzo tu wa kazi.

Kwanza otesha koloni (kundi la kuvu kwenye sahani ya maabara) kutokana na spora moja, yaani chembe moja ya uzazi, kwa sababu mzizi mmoja huweza kubeba kuvu kadhaa, na sampuli iliyochanganyika haiokolewi na kipimo chochote cha DNA, hata kiwe cha ghali namna gani. Kisha tumia darubini: spora ndogo za oxysporum hukusanyika kwenye vikonyo vifupi, ilhali za Fusarium solani, kuvu wa kundi jingine, hukaa kwenye vikonyo virefu. Rangi ya koloni usiitegemee sana, maana hubadilika kwa mwanga na chakula.

Darubini hukufikisha kwenye kundi. Spishi hutafutwa katika jeni. Eneo la DNA liitwalo ITS, ambalo maabara nyingi hulikimbilia kwa kuwa ni rahisi, halitenganishi ndugu hawa wa karibu. Soma jeni za TEF1 na RPB2, chora mti wa nasaba wa kila jeni peke yake, kisha uangalie kama matawi yanakubaliana. Linganisha na mfuatano wa DNA wa vielelezo-asili, yaani sampuli ambazo majina yamefungwa kwazo, si na jibu la kwanza linalotolewa na hifadhidata, kwani humo zimo sampuli nyingi zilizowekwa kwa majina yasiyo yake.

Hapa ndipo wengi hujikwaa: cubense, neno linaloongezwa kwenye jina Fusarium oxysporum kwa kuvu wa migomba, huonyesha tu mmea ambao kimelea anaushambulia, wala kanuni za kimataifa za majina hazilisimamii. Kuvu wanaonyausha migomba wametoka katika koo kadhaa. Ukoo wa TR4 (Tropical Race 4, aina mojawapo ya kuvu hao) ulipewa jina Fusarium odoratissimum mwaka 2019, lakini wakaguzi wa karantini bado husema TR4. Nashauri uandike yote mawili.

Ukiwa na spishi mpya kweli, maelezo yake yaandikwe kwa Kilatini au Kiingereza, na jina lipate namba ya usajili, kwa mfano kutoka MycoBank, hifadhidata ya majina ya kuvu, sharti lililoanza mwaka 2013. Kielelezo-asili kihifadhiwe kikiwa kimekaushwa au kimegandishwa. Koloni linaloendelea kukua kwenye sahani halikubaliki.